Hatua Thelathini Hadi Chooni

Mvua ya Oktoba ikishakolea, udongo mwekundu wa Imenti na ule wa Manyatta kule Embu hugeuka sabuni. Vijana huteleza, hucheka, hujipangusa na kuendelea na safari. Mama wa miaka sabini na tano akiteleza papo hapo, kwa kimo chake tu, bila kusukumwa na mtu wala kugongwa na pikipiki, huenda asisimame tena kwa miguu yake. Mguu mmoja utaonekana mfupi kuliko mwenzake, unyayo umeelekea nje, na akiguswa tu analia. Majirani watasema ameanguka vibaya. Ameanguka kama watu wote wanavyoanguka. Kilichoharibika ni mfupa, nao ulianza kupungua miaka ishirini au zaidi kabla ya siku hiyo.

Madaktari huiita hali hiyo osteoporosisi. Kwa nje mfupa unabaki na umbo lake, ila ndani umejaa matundu kama andazi lililoumuka kupita kiasi. Mfupa ni kitu hai: kila siku kuna chembe zinazoubomoa na nyingine zinazoujenga upya. Hadi karibu miaka thelathini wajenzi huwazidi wabomoaji, kisha hulingana kwa muda. Mwanamke anapokoma hedhi, homoni ya estrojeni iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji hupungua, na miaka michache inayofuata mfupa huliwa kwa kasi. Mwanamume naye hupoteza, ila polepole na baadaye. Yote hayo hayaumi wala hayaleti homa. Hakuna anayekwenda hospitali kulalamika kwamba mifupa yake imekuwa myepesi.

Kwa muda mrefu ilisemekana huu ni ugonjwa wa wazungu, na dai hilo lina mzizi wake. Mwaka 1968 daktari wa mifupa Louis Solomon alichapisha matokeo yake kutoka Johannesburg: Waafrika aliowachunguza walivunjika shingo ya fupa la paja mara chache sana kuliko Wazungu. Alichokiona alikiona kweli. Lakini hitimisho lilisafiri mbali kuliko utafiti wenyewe, likaingia vyuoni na wodini, likamfikia hata shosho nyumbani likiwa limegeuka kuwa "Mwafrika havunjiki." Enzi hizo waliofikisha miaka themanini walikuwa wachache, na aliyevunjika nyonga kijijini alifia kitandani kwake bila kuingia katika daftari la hospitali yoyote. Sasa sensa ya 2019 iliwakuta Wakenya milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Kwa watu wa umri wote, Meru pekee ilikuwa na zaidi ya milioni 1.5 na Embu zaidi ya 600,000. Katika Zimbabwe, Gambia na Afrika Kusini watafiti wameanza kuwahesabu upya waliovunjika nyonga. Na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuanguka huua watu 684,000 kila mwaka duniani, zaidi ya asilimia 80 yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu, na wengi wakiwa wamepita miaka sitini.

Huku Mlima Kenya neno "kuanguka" limezoeana na miti. Kuna mchumaji wa miraa wa Igembe anayepanda mbaine, ile miti ya kale iliyorithiwa tangu kwa mababu. Kuna kijana anayetikisa parachichi kwa mnunuzi aliyeleta lori, au anayeparamia mmakadamia. Hao wakianguka, wanaanguka kutoka juu, na mfupa wowote ungevunjika. Shosho hana mti. Ameanguka kutoka urefu wa kusimama, na huo ndio mstari unaotenganisha ajali na ugonjwa: mtu aliyepita miaka hamsini akivunjika kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe, mfupa wake umekwisha kujieleza.

Nasisitiza hilo kwa sababu maelezo mengi kuhusu ugonjwa huu huanza na mashine. Nenda ukapimwe, wanasema. Kipimo chenyewe ni picha ya DEXA, inayoonyesha mfupa umepungua kiasi gani. Tangu 1994 Shirika la Afya Duniani limeweka alama ya hasi 2.5 kuwa mpaka: ukiwa hapo au chini yake, una osteoporosisi. Ni kipimo kizuri. Lakini mashine hiyo ipo katika hospitali chache za Kenya, nyingi zikiwa Nairobi, na kutoka mji wa Meru hadi huko ni zaidi ya kilomita 200. Mjane wa Mbeere atauza mbuzi wangapi ili aambiwe namba? Isitoshe, namba hiyo haisemi yote. Wengi wanaovunjika hawakuwa wamevuka mpaka wa hasi 2.5, walikuwa juu yake kidogo, kisha wakaanguka. Na karibu kila nyonga inayovunjika uzeeni huvunjika kwa kuanguka, hasa kwa ubavu. Kwa hiyo palipo na uhaba wa mashine, kinachopaswa kuchunguzwa mapema ni namna mtu anavyoanguka. Hilo linapimika bila umeme.

Kipimo chake ni kiti na saa ya simu. Mzee anakaa kwenye kiti cha kawaida. Anainuka, anatembea mita tatu kwa mwendo wake wa kila siku, anageuka, anarudi, anakaa. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yuko hatarini. Ongeza maswali mawili: umeanguka mwaka huu? Unaogopa kuanguka? Muuguzi yeyote wa zahanati anaweza kufanya hivyo, hata mjukuu wa darasa la sita anaweza.

Kabla ya nyonga, mara nyingi, huja mkono. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu akiteleza bado ana wepesi wa kunyoosha kiganja ajikinge, kwa hiyo kinachovunjika ni kifundo cha mkono. Miaka ishirini baadaye wepesi huo umeondoka: anaanguka kama gunia, na nyonga ndiyo inayopokea. Yule wa mkono huenda hospitali, anapigwa picha, anafungwa plasta, anaambiwa arudi baada ya wiki sita. Plasta inatolewa, anarudi kuchuma majani chai ya Kionyo au ya Rukuriri, na habari imeisha. Hakuna aliyemuuliza kwa nini mkono ulivunjika kwa kitu kidogo namna ile. Aliyevunjika mara moja hatari yake ya kuvunjika tena ni karibu mara mbili ya mwenzake, na hapo alikuwa na miaka mingi mbele ya kufanya jambo. Kama ningepewa nafasi moja tu katika mkondo huu wote ya kuweka mlinzi, ningemweka mlangoni pa chumba cha plasta.

Mgongo nao huvunjika bila hata kuanguka. Pingili za uti wa mgongo hubonyea moja baada ya nyingine, wakati mwingine kwa kuinamia tu ndoo. Ni takriban theluthi moja ya mibonyeo hiyo inayojulikana na daktari. Iliyobaki huitwa uzee. Mama anapungua kimo, leso iliyokuwa ikimfika kwenye vifundo vya miguu sasa inaburuta, kibiongo kinaota, na watu wanaona ni kawaida kwa sababu mama yake naye aliishia hivyo. Huku ambako wanawake hubeba kuni, majani ya ng'ombe na maji mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso, jambo hili lina utata wake. Kazi nzito ujanani huujenga mfupa, na huenda ni sababu mojawapo iliyowafanya mabibi zetu wadumu. Kazi hiyohiyo, kwa mwili ulioinama na pingili zilizokwisha kuwa nyepesi, ndiyo inayozibonyeza. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Kwa mama wa Tharaka au Mbeere ambaye maji yako mbali, kumwambia "usibebe" ni kumtukana. Apewe mitungi midogo ya lita tano, mmoja kila mkono, atembee wima. Au punda, maana punda huko wapo.

Lakini tuingie nyumbani, kwa sababu wazee wengi huangukia nyumbani, wakifanya jambo walilolifanya mara elfu kumi.

Fuatana na mama huyo saa tisa usiku. Ameamka kwenda haja. Kitanda kimeinuliwa kwa matofali ili magunia ya mahindi yakae chini yake, kwa hiyo miguu inaning'inia kabla ya kugusa sakafu. Anasimama haraka, kwa kuwa haja imembana, na damu inachelewa kufika kichwani. Alikunywa dawa ya presha jioni. Anatafuta ndara kwa vidole vya miguu. Leso imelegea. Anavuka kizingiti cha mbao alichokijua tangu aolewe, ila usiku huu hakuinua unyayo vya kutosha. Nje kuna mtaro wa maji ya mvua, na juu ya mtaro kuna jiwe lililowekwa kama daraja, jiwe lenye ukungu wa kijani. Kisha mlango wa mabati unaovutwa kwa nguvu, sakafu iliyolowa, kuchuchumaa bila pa kujishikilia, na kuinuka. Halafu arudi, njia ileile. Hatua thelathini kwenda, thelathini kurudi, mara mbili au tatu kwa usiku.

Kila kitu katika safari hiyo kina dawa, na dawa hizo ni za fundi wa mbao zaidi kuliko za daktari. Kitanda kishushwe hadi nyayo zikanyage sakafu akiwa ameketi, na aketi ukingoni akihesabu hadi ishirini kabla ya kuinuka. Ndara ziachwe za kuogea. Usiku avae sandak au kiatu kinachoshika kisigino. Ile simu ndogo ya mulika mwizi ifungwe uzi aivae shingoni, mikono ibaki huru. Jiwe la kijani liondolewe, mtaro ufunikwe kwa zege au mbao pana, njia imwagwe kokoto, na boriti nyembamba ya grevilea ipigiliwe ubavuni mwa njia ile, mfano wa ua la chini, ili mkono uwe na pa kushika kutoka mlangoni hadi chooni. Ndani ya choo zichimbiwe nguzo mbili. Kwa asiyeweza kuchuchumaa kuna kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati. Mafundi wa Makutano hukitengeneza bila kuuliza maswali. Na usiku wa mvua, ndoo yenye mfuniko chumbani. Najua aibu yake. Wazee wengi huona bora wavunjike kuliko mkwe amwage ndoo yao asubuhi. Hapo hatuhitaji mtaalamu, tunahitaji mkwe mwenye adabu.

Kuna nyumba nyingine inayoangusha, na hiyo hujengwa kwa upendo. Watoto walioko Nairobi, au Marekani, huchanga na kumjengea mama nyumba ya mawe. Wanaweka vigae vinavyong'aa hadi uone uso wako, bafu la ndani lenye ukingo wa kuruka, zulia dogo mlangoni. Kwenye saruji yake ya zamani iliyokwaruzika mama alikuwa salama kuliko kwenye kioo hicho. Kama ujenzi bado, chagua kigae chenye makwaruzo na usiweke ukingo bafuni. Kama umeshamaliza, ondoa zulia, weka mpira wa kuzuia utelezi, na funga vyuma vya kushika.

Mwili nao una vizingiti vyake. Dawa ni cha kwanza. Mzee mwenye presha na kisukari anaweza kumeza aina tano au sita, na zile za kupunguza maji mwilini zikinywewa jioni ndizo zinazomwamsha usiku. Mwulize daktari kama zinaweza kuhamishiwa asubuhi. Sindano au kidonge cha sukari bila chakula humfanya atetemeke na kuona kiza. Halafu kuna Piriton, kidonge kidogo cha manjano kinachouzwa kila duka la dawa, ambacho wazee wengi hukinywa kwa mafua kisha wakaendelea nacho kwa sababu kinaleta usingizi. Kinaleta usingizi kweli, pamoja na kizunguzungu na miguu mizito. Prednisoloni, inayotolewa kwa pumu na maumivu ya viungo, ikinywewa kwa miezi huyeyusha mfupa wenyewe. Wapo wanaoinunua bila karatasi ya daktari kwa sababu maumivu hutulia mara moja. Tenofoviri, iliyomo katika dawa za watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, hupunguza mfupa kidogo hasa mwanzoni. Hiyo haiachwi hata siku moja kwa hofu hiyo, ila daktari anapaswa kuijumlisha katika hesabu. Pombe nayo, sihitaji kuieleza. Wanaume wengi waliovunjika nyonga walikuwa wakitoka mahali fulani gizani.

Macho ni jambo ambalo tunalo jibu lake kamili. Mwaka 2005 watafiti wa Nottingham, Uingereza, waliwagawa wanawake zaidi ya 300 waliopita miaka sabini: nusu wakatolewa mtoto wa jicho upesi, nusu wakangoja foleni. Waliofanyiwa upesi walianguka mara chache zaidi kwa asilimia 34. Upasuaji wa jicho ni kinga ya nyonga. Kambi ya macho ikitangazwa kanisani, apelekwe.

Sasa nije kwa kosa ambalo sisi watoto hulifanya tukidhani tunatenda wema. Mama akianguka mara ya kwanza, hata asipovunjika, tunamkalisha. "Mama, wewe kaa tu." Jembe linafichwa, kuku wanapewa mjukuu, kiti kinawekwa kibarazani, chai inaletwa. Mama mwenyewe anakubali, kwa sababu ameogopa. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza kitandani wazee wenye afya nzuri kwa siku 10 tu. Kwa wastani walipoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu kila mtu. Siku kumi! Mama aliyekaa kibarazani miezi sita amebaki na miguu ya kumfikisha kuanguka kwa pili. Hata jua linamkosa: anaishi hatua chache kutoka mstari wa ikweta na bado ngozi yake, iliyofunikwa shuka chumbani, haitengenezi vitamini D ya kutosha.

Kinyume chake ndicho chenye ushahidi. Mapitio makubwa ya mwaka 2019, yaliyokusanya majaribio zaidi ya 100 kutoka nchi nyingi, yalionyesha kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa takriban asilimia 23, hasa yale ya kujizuia usiyumbe na ya kuimarisha mapaja. Hayana ufundi mkubwa. Shika mgongo wa kiti kizito, simama kwa vidole, kisha kwa visigino. Inua mguu mmoja, hesabu hadi kumi, badilisha. Kaa na uinuke mara kumi bila kusukuma kwa mikono. Fanya siku tatu kwa wiki au zaidi, na usiache, kwa sababu faida huisha ukiacha. Kwa aliyekwisha kubonyea mgongo, asiiname mbele wala kujisokota akiwa amebeba kitu.

Ugumu uko kwingine: nani atamfanyisha mama wa Runyenjes mazoezi bila kuchekwa? Nadhani jibu liko katika mikutano ambayo tayari anahudhuria. Woman's Guild ya PCEA, Mothers' Union ya Anglikana, akina mama wa Katoliki, chama cha kuzungushiana pesa: wote hukutana kila wiki au mwezi, na viti vipo. Robo saa kabla ya sala ya kufunga inatosha. Korogocho, Nairobi, akina shosho wamejifunza ngumi na mateke kwa ajili ya kujilinda, na waliowacheka mwanzoni walinyamaza. Kusimama kwa mguu mmoja si kioja kikubwa kuliko hicho.

Na mkongojo. Kwa mzee wa kiume hapa fimbo ni heshima, hawezi kwenda barazani bila hiyo. Kwa mwanamke fimbo inasema umekwisha, kwa hiyo wengi hutembelea mwavuli, hata kiangazi. Mwavuli ni bora kuliko kukosa kitu, lakini hukunjika. Mkongojo ufike pale kifundo cha mkono kinapokunjika mkono ukiwa umening'inia, ushikwe upande ulio kinyume na mguu unaouma, na uwe na soli: mshona akala sokoni anaweza kukata kipande cha tairi akaupigilia.

Chakula nitakipitia kwa haraka, kwa kuwa kimeshasemwa sana na mara nyingi kwa kutia chumvi. Mtu mzima wa umri huo anahitaji miligramu 1,000 hadi 1,200 za kalsiamu kwa siku. Glasi ya maziwa ina karibu 300. Wimbi, ambalo Tharaka na Mbeere hawajalisahau, lina zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100 za unga, kuliko nafaka zetu nyingine zote, ingawa mwili hauifyonzi yote. Kuchachua uji husaidia. Omena wanaoliwa na mifupa yao, terere na sukuma wiki huongeza. Kinachonikera ni hesabu ya maziwa. Ng'ombe wa Imenti anakamwa asubuhi, maziwa yanakwenda kwa ushirika, na mwenye ng'ombe anakunywa chai ya rangi. Glasi moja ibaki nyumbani. Pamoja na mayai na maharagwe, kwa sababu nyama ya miguu nayo inajengwa kwa protini.

Vidonge vya kalsiamu na vitamini D vinavyotolewa kama "dawa ya mifupa" haviwezi kubeba mzigo huu peke yavyo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2022, wenye watu zaidi ya 25,000, haukuona vitamini D ikipunguza kuvunjika kwa watu wasiokuwa na upungufu. Dawa hasa ni nyingine. Alendroneti, kidonge cha miligramu 70 mara moja kwa wiki, huwazuia wabomoaji tuliowataja na hupunguza kuvunjika. Ila ina masharti ambayo chai yetu ya maziwa huyavunja: humezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha mtu akae au asimame wima angalau nusu saa bila kula wala kulala, la sivyo itamchoma koo. Jumapili kabla ya kujiandaa kwa kanisa ni wakati mzuri, haisahauliki. Wenye figo mbovu hawaitumii bila daktari. Kuna pia sindano ya asidi ya zoledroniki, mara moja kwa mwaka. Jaribio la mwaka 2007 kwa watu zaidi ya 2,000 waliokwisha kuvunjika nyonga lilionyesha kwamba ilipunguza kuvunjika upya kwa asilimia 35 na vifo kwa asilimia 28. Mgonjwa wa nyonga anayeruhusiwa kwenda nyumbani bila hata kutajiwa dawa hizi ametibiwa nusu.

Ikitokea amevunjika, saa za kwanza zina uzito. Asivutwe mikono kusimamishwa. Kama mguu umefupika na kugeuka nje, funga miguu miwili pamoja kwa leso ukiweka mto katikati, mlaze juu ya mlango uliong'olewa au ngazi yenye godoro, tafuta gari. Asipakiwe kwenye bodaboda kati ya watu wawili, wala kukunjwa nyuma ya Probox iliyojaa. Wachuaji wa mifupa wana mikono yenye ujuzi kwa mambo mengine, lakini shingo ya fupa la paja iliyovunjika haichuliwi: kila siku ya kuchua ni siku ya damu kuganda, kifua kujaa na mgongo kuchubuka. Huko Uingereza mwongozo unataka mgonjwa apasuliwe siku aliyolazwa au kesho yake. Huku wengi hulala wiki kadhaa mguu ukivutwa kwa uzito, familia ikichangisha pesa za chuma kwenye kundi la WhatsApp. Hata katika nchi tajiri, karibu mmoja kati ya kila wanne au watano waliovunjika nyonga hufa ndani ya mwaka. Wapasuaji wapo karibu: hospitali za rufaa za Meru na Embu, na zile za misheni za Chogoria, Maua na Nkubu, zilizotibu vizazi. Kinachochelewesha ni pesa na uamuzi.

Kuhusu pesa: Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya NHIF mnamo Oktoba 2024, na mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, ambao wasio na ajira rasmi wanatakiwa kuulipa kwa mwaka. Mwenye miaka sabini aliyemo katika mpango wa serikali wa Inua Jamii hupokea shilingi 2,000 kwa mwezi, zikija. Mtoto mwenye kipato amlipie mzazi sasa, akiwa bado anatembea.

Na kuhusu serikali nina ombi moja dogo. Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walipewa mikoba yenye vifaa vya kupima presha na sukari. Wanapita nyumba kwa nyumba hadi Mutuati na Ishiara. Wanampima shosho mkono na kidole, kisha wanaondoka bila kumwona akitembea. Kaunti za Meru na Embu ziongeze mstari mmoja katika fomu yao: ameanguka mwaka huu, na ametumia sekunde ngapi kwenda mita tatu na kurudi.

Wewe msomaji huna haja ya kungoja fomu. Ukienda nyumbani wikendi hii, usiku mama akiamka, amka naye. Mwache atangulie, wewe fuata nyuma kimya, na uhesabu kila mahali mkono wake unapotafuta pa kushika na kukosa. Asubuhi mwite fundi.